Matofali Yaliyohamia Houston

Kila mwaka orodha ile ikitoka, Jocelyn alimtumia baba yake kwenye simu, bila salamu wala maelezo. Miji mikubwa ya Marekani ambayo watu wameapa hawatakubali kuishi hata wakibembelezwa. Mwaka huo Saint Louis ilishika namba moja. Roscoe Whitlow aliisoma akiwa amesimama jikoni na kikombe cha kahawa mkononi, akairudia kama mtu aliyepewa majibu ya hospitali ya mtu mwingine, halafu akavuka barabara kwenda kumwonyesha Bi Geneva Stokes.

Bi Geneva alikuwa na miaka themanini na mmoja na magoti yaliyokwisha kazi. Alikuwa akikaa barazani kwake toka kifungua kinywa mpaka besiboli iishe redioni, na hakuna kilichopita mtaa wa Labadie asikione. Aliishika simu kwa mbali, akauliza ni nani walioulizwa. Roscoe akamwambia imeandikwa hapo, watu elfu mbili.

"Mimi hawakuniuliza," akasema Bi Geneva. "Wewe je?"

"Hawakuniuliza."

"Basi wamewauliza watu wa kwao huko. Hata mimi nina wanaume mia niliowakataa, Roscoe, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuniposa."

Roscoe alicheka, ila kicheko hakikufika mbali. Safari hii chini ya orodha binti yake alikuwa ameongeza maneno: chumba chako kimekwisha, baba, njoo Siku ya Shukrani mwezi wa kumi na moja, uliniahidi. Na kweli aliahidi. Aliahidi kwamba atakwenda Houston majuma mawili, na chumba kikimpendeza atafunga nyumba ya Labadie moja kwa moja na hatarudi. Bi Geneva aliijua ahadi hiyo na hakuwa amewahi kuitaja hata siku moja. Upande wake wa barabara hapakuwa na nyumba nyingine yenye mtu. Upande wa pili zilibaki mbili, ya Roscoe na ya nesi mmoja ambaye kutwa yuko kazini. Roscoe akiondoka, bibi huyo atabaki kuangalia majani.

Roscoe alizaliwa kwenye mtaa huo. Baba yake alitoka Mississippi na sanduku moja akaajiriwa kiwanda cha viatu. Roscoe mwenyewe alishika mwiko wa uashi akiwa na miaka kumi na minane, akautua akiwa na sitini na minne. Kazi yake ilikuwa moja: kukwangua chokaa iliyooza katikati ya matofali ya zamani na kujaza mpya, mstari kwa mstari, mpaka ukuta wa miaka mia usimame miaka mia mingine. Marehemu mkewe, Verdell, alikuwa akilalamika kwamba kwenye harusi za watu mumewe hamtazami bibi harusi, anatazama ukuta wa kanisa. Roscoe hakukataa. Alisema bibi harusi ana watu wengi wa kumtazama.

Mji wetu umejengwa kwa udongo wake wenyewe. Nyumba za matajiri na za maskini, maghala, shule, hata mabanda ya mbwa, yote ni tofali jekundu. Na kwa kuwa watu wameondoka na matofali yamebaki, matofali yamepata soko. Huko kusini, Houston na New Orleans na Florida, mtu akijenga nyumba mpya anataka ukuta mmoja wa zamani, wa tofali lenye madoa meusi na historia ya watu wengine. Ndiyo maana sisi tuna wezi ambao wengine hawana. Wezi wa kwingine huiba vilivyomo ndani ya nyumba. Wa kwetu huiba nyumba yenyewe. Nyumba ikikaa bila mtu inawaka moto, hakuna ajuaye vipi. Zimamoto wanakuja na mipira yao, na yale maji ndiyo yanayomalizia chokaa iliyolegezwa na moto. Baada ya siku kadhaa waya mnene wa chuma unapitishwa madirishani, lori linavuta, ukuta unalala chini. Wanasafisha tofali moja moja kwa kishoka, wanapanga, wanapakia. Ukirudi kutoka sokoni jirani yako amekuwa shimo.

Nyumba ya kina Pettway, iliyopakana na ya Roscoe, iliwaka mwezi wa tatu, alfajiri. Mama Pettway alikuwa ameshafariki na watoto wake wako Atlanta, na nyumba ilikuwa imekaa miaka miwili na mapazia yake madirishani. Roscoe alitoka na fulana na soksi moja. Bi Geneva alivuka barabara kwa fimbo mbili akamvika koti lake la kanisani, lenye manyoya shingoni, na Roscoe akasimama nalo mbele ya majirani na zimamoto mpaka jua likatoka. Mfereji wa mvua kwenye paa lake uliyeyuka ukaning'inia. Mkubwa wa zimamoto alimwambia kwamba upepo ungegeuka kidogo tu wasingekuwa wanaongea. Maneno hayo Roscoe alimpigia Jocelyn simu akamweleza, kosa ambalo wazazi wote hufanya, na Jocelyn akalia mpaka akaipata ile ahadi.

Siku kumi na tano baadaye wakaja watu watano na lori. Walikuwa na vizibao vya njano vya kung'aa, kofia ngumu na karatasi iliyotiwa kwenye nailoni. Walikuja saa tatu asubuhi, mchana kweupe, wakasema wametumwa na jiji kuondoa kifusi. Roscoe aliiangalia karatasi, ikaonekana karatasi. Akarudi kukaa barazani kwake kuwatazama wakifanya kazi, na hapo ndipo taabu ilipoanza.

Walikuwa hawajui. Walikuwa wanapiga tofali lenyewe badala ya chokaa, na kila tofali la tatu lilimeguka pembe likatupwa. Siku ya kwanza Roscoe alijizuia. Siku ya pili aliingia ndani akawasha televisheni kwa sauti ili asisikie. Siku ya tatu alishuka ngazi, akamnyang'anya mmoja kishoka, akamwonyesha: kilaze, usikisimamishe, anzia katikati utoke nje, pembe iache mwisho, iguse kama unavyogusa yai. Yule kijana akajaribu, tofali likatoka zima. Wenzake wakasogea. Roscoe alikaa nao asubuhi tatu. Aliwapelekea maji ya ndimu yenye barafu, na wao walimwita mzee na walimwachia kiti. Bi Geneva akiwa upande wa pili aliwapungia mkono. Tangu Verdell afe Roscoe hakuwa amefurahi kiasi kile, na nalisema hilo kwa sababu ni kweli.

Mwezi wa tano kulikuwa na mkutano wa mtaa kwenye chumba cha chini cha kanisa. Mwanamke mmoja wa ofisi ya jiji alisimama akasoma nyumba zilizoibwa mwaka huo, na ya kina Pettway ilikuwemo. Akasema jiji halikumtuma mtu yeyote. Roscoe alihisi masikio yanachemka. Watu wote walikuwa wanauliza wezi wanaonekanaje, wangapi, lori la rangi gani, na yeye, aliyejua hata nani kati yao anatumia mkono wa kushoto, alikaa kimya akikunja karatasi ya ajenda. Angesema nini? Kwamba aliwafundisha? Bi Geneva hakuwa mkutanoni kwa sababu ya ngazi za kanisa, na Roscoe aliporudi akamkuta anasubiri habari, alimwambia wameongea mambo ya takataka.

Basi mwezi wa kumi na moja alifunga mlango akaenda Houston. Bi Geneva alimpa mkebe wa keki ya siagi ampelekee Jocelyn, akamwambia asafiri salama, na akaifungulia redio sauti kabla Roscoe hajaingia kwenye gari.

Nyumba ya Jocelyn ilikuwa kubwa na mpya na kila kitu kilinukia rangi. Jocelyn alimziba baba yake macho kwa nyuma kama mtoto, akamwongoza korido nzima, akamwachia. Chumba kilikuwa na kitanda kipana, dirisha la kuangalia bustani, na ukuta mmoja mzima wa matofali mekundu yenye madoa meusi.

"Sikukuhamisha, baba," akasema Jocelyn, na machozi yalikuwa karibu. "Nimekuletea Saint Louis hapa."

Roscoe alibaki akiutazama ukuta. Jocelyn alidhani ni furaha. Alianza kueleza alivyohangaika: maduka yote yalikuwa na matofali ya kuigiza, mpaka akampata muuzaji mmoja mwenye ya kweli. Alimwambia anataka yale ya upande wa kaskazini wa mji, ya zamani kabisa, kama ya nyumba ya baba yake. Yalikuja safi, hakuna hata moja lililomeguka pembe, fundi wake mwenyewe alistaajabu.

Roscoe alistaajabu kuliko fundi. Alisogea ukutani. Alipitisha kiganja kwenye matofali kama alivyofanya miaka arobaini na sita, kutoka juu kushuka, na kwenye usawa wa kiuno kiganja chake kikasimama peke yake. Palikuwa na tofali lenye unyayo wa paka. Zaidi ya miaka mia iliyopita mtu alianika udongo juani, paka akapita juu yake akaenda zake, na tofali likachomwa hivyo hivyo. Lilikuwa kwenye ukuta wa jikoni wa kina Pettway, upande wa kwa Roscoe, kando ya mlango. Hakuna mtoto wa mtaa ule ambaye hakuingiza kidole humo kutafuta bahati kabla ya mtihani. Roscoe aliujaza ukuta ule chokaa mwenyewe, kiangazi Jocelyn alipokuwa na miaka saba, na Jocelyn alisimama nyuma yake kutwa nzima akimsihi asije akamziba paka.

Akakaa kitandani.

"Haya uliyaagiza lini?" akauliza.

"Mwezi wa pili. Kwa nini?"

"Na yakaja lini?"

"Mwezi wa sita. Muuzaji alisema aina hiyo ilikuwa imemwishia, nisubiri, anatarajia kupata mzigo mwezi wa nne." Jocelyn alikuwa bado anatabasamu. "Baba, una nini?"

Roscoe alihesabu bila kutaka. Mwezi wa pili binti yake aliagiza. Mwezi wa tatu nyumba ikawaka. Mwezi wa nne baba mtu alishika kishoka akawasaidia wasimpe mteja matofali yaliyomeguka. Mteja alikuwa mwanawe, na chumba kilikuwa chake yeye. Alitaka kulinyamazia hili pia, kama alivyonyamaza kanisani, na mdomo wake ulikuwa umeshaanza kutafuta neno la kusifia dirisha. Lakini hakuweza. Alimwambia Jocelyn aje aingize kidole pale.

Jocelyn aliinama akaangalia. Kidole chake cha mtu mzima hakikuingia. Alibaki ameinama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nilinunua dukani," akasema bila kugeuka. "Nina risiti, baba. Nina risiti."

"Najua."

"Mimi sikumwambia mtu achome nyumba."

"Najua, mama. Wala mimi sikuambiwa niwafundishe." Ndipo akamsimulia yote, ya vizibao na maji ya ndimu na mkutano, na kila alichosema kilimfanya Jocelyn asogee mbali na ukuta, hatua kwa hatua, mpaka mgongo wake ukagonga mlango. Bata mzinga wa Siku ya Shukrani aliyekuwa ndani ya jiko aliungua siku hiyo na hakuna aliyekumbuka kumtoa.

Siku ya tatu yake, Jumapili, Roscoe alimpigia Bi Geneva baada ya ibada, kama walivyoagana. Bi Geneva aliongea kwanza mambo ya mchungaji mpya, ambaye anahubiri kama anachelewa ndege. Akauliza habari za keki. Halafu akasema, kwa ile sauti ya mtu mwenye habari njema, kwamba vijana wake walikuja juzi.

"Vijana wangu gani?"

"Wale wa lori, uliokuwa unawafundisha. Wana adabu kweli. Walibisha mlango wako, wakakosa, wakaja kunisalimia. Wakaniuliza mzee yuko wapi."

Roscoe alisimama. Jocelyn alimwona uso akaacha alichokuwa akikifanya.

"Ukawaambia nini, Bi Geneva?"

"Niliwaambia umehamia kwa binti yako. Si ndivyo ilivyo? Wewe ulidhani sijui kwamba hurudi?"

Miezi yote ile Roscoe aliogopa mtaa ungemcheka. Sasa aliona kile ambacho kimya chake kilikuwa kimemwandalia, na hakikuwa kicheko: wezi walikuwa wameshajua nyumba yake haina mtu. Yeye ndiye aliyewapa wale watu kiti na barafu mbele ya macho ya bibi yule, na yeye ndiye aliyemficha kwamba ni wezi. Alimweleza kwa maneno machache, bila kujipunguzia. Upande wa pili wa simu alisikia redio ikizimwa.

"Mpumbavu wewe," akasema Bi Geneva, taratibu kabisa.

"Ndiyo."

"Unarudi au hurudi? Nijibu kama mwanamume, nina kazi ya kufanya."

Roscoe alimwangalia mwanawe, akauangalia ukuta.

"Narudi. Natoka sasa hivi."

Bi Geneva akakata simu. Yaliyofuata nesi ndiye aliyetusimulia. Bibi alivuka barabara kwa fimbo zake mbili, akamwamuru nesi ambebee kiti, redio na lile koti lenye manyoya, akakaa kwenye baraza ya Roscoe. Akawapigia simu watu wa kwaya waje kwa zamu. Lori lilipita kwenye saa kumi, likapunguza mwendo. Bi Geneva akalipungia mkono vilevile kama zamani, huku akizisoma namba zake kwa sauti, nesi akiziandika na polisi wakiwa kwenye laini. Lori halikusimama.

Jocelyn ndiye aliyeendesha. Ni safari ya saa kumi na tatu na waliimaliza bila kulala. Hakuwa amefika Labadie tangu mazishi ya mama yake, na hata wakati huo alilala hotelini. Walifika asubuhi. Nyumba ilikuwepo. Bi Geneva alikuwa barazani amejifunika mpaka puani, wanakwaya wawili wamemzunguka, na Roscoe alipanda ngazi akapiga magoti mbele ya kile kiti akashindwa kunyanyuka. Bi Geneva alimpiga kofi dogo la kichwani, kisha akauacha mkono pale pale juu ya kichwa.

Jocelyn hakupanda barazani. Alizunguka upande wa kina Pettway. Palikuwa na shimo lenye maji machafu na ngazi nne zisizoelekea popote, na ubavu wa nyumba ya baba yake ulikuwa mweusi kutoka chini mpaka pale mfereji ulipokuwa umening'inia. Roscoe alimfuata baadaye, akamkuta amesimama akilitazama dirisha la chini lililokuwa katikati ya weusi ule.

"Chumba hiki si kilikuwa stoo?" akauliza Jocelyn.

"Nilihamia humo mama yako alipofariki. Ngazi zilinishinda."

"Ulikuwa umelala humu? Siku ile?"

Roscoe aliitikia kwa kichwa. Jocelyn alikanyaga ukingo wa msingi wa kina Pettway, pale ulipokuwa ule ukuta wa jikoni, akapiga hatua kuelekea kwa baba yake. Akapiga ya pili. Ya tatu haikuhitajika. Mkono wake ulikuwa umeshakigusa kioo, na ndani, palepale nyuma ya kioo, kilikuwa kitanda chembamba cha mtu mmoja, kimetandikwa vizuri, mto ukiwa upande wa dirishani.